Mifupa ya Mbwa

Nipe mfupa wowote wa ng'ombe nitakwambia umetoka wapi. Goti, paja, uti wa mgongo, mbavu za mbele au za nyuma. Nitakwambia kama aliyeukata alitumia shoka au msumeno, na kama siku hiyo alikuwa na haraka. Nitakwambia pia umechemshwa mara ngapi. Uliochemshwa mara moja bado una mafuta na unateleza mkononi. Wa mara ya pili umekauka. Wa mara ya tatu ni mweupe na mwepesi, na ukiuvunja ndani hamna kitu. Mambo hayo sikuyasomea chuoni. Niliyajua kabla sijajua kusoma, kwa sababu baba yangu ana bucha mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, na mimi ndiye kifungua mimba wake.

Shule ya msingi waliniita Matumbo. Kwetu kila kitu kilinuka mafuta ya ng'ombe, mpaka sare iliyotoka kufuliwa, na mvua ikinyesha harufu ilizidi. Hakuna aliyetaka kukaa na mimi dawati moja. Tulikula nyama kila siku ya Mungu, na wale walionicheka waliila Krismasi, lakini wa kuchekwa bado nilikuwa mimi. Niliapa kwamba nikitoka pale hakuna mtu atakayejua tena. Nilipoingia chuo, nje kidogo ya mji wa Nakuru, wenzangu wakauliza baba anafanya kazi gani. Nikasema ni mfanyabiashara. Wakadhani ana duka kubwa mjini, nami nikawaacha wadhani.

Nyama nikaiacha wiki ya kwanza. Wengine huiacha kwa sababu ya dini, au presha, au huruma kwa wanyama. Mimi niliiacha ili ninukie vizuri. Lakini huwezi kumwambia mtu hivyo, kwa hiyo nilijiunga na chama cha mazingira, nikajifunza maneno ya kusema kuhusu malisho, misitu na hewa chafu, na mwaka wa pili wakanichagua mwenyekiti. Nilikuwa hodari wa kuhubiri. Ukiniona na sahani yangu ya ndengu na managu ungedhani nimezaliwa shambani kati ya mboga.

Mwaka huo mhadhiri wetu wa somo la mazingira, mama mmoja mwenye sauti ya chini isiyopanda hata akikasirika, alituletea shindano. Tuliliita Wiki za Majani. Kwa wiki sita, kila aliyejiandikisha angekula vyakula vya mimea tu, bila nyama wala samaki wala supu ya mifupa. Angepewa ndoo yenye kifuniko na nambari, na kila kilichobaki kwenye sahani au sufuria yake kingeingia humo. Kila Ijumaa ndoo zingepimwa nyuma ya jikoni kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya viazi, kisha zimwagwe kwenye shimo la mboji. Na kila wiki tungeandika ukurasa mmoja wa tafakari na kuusoma mbele ya darasa: nimekula nini, nimetupa nini, nimejifunza nini. Mwenye ndoo nyepesi kuliko wote mwishoni, asiyevunja kanuni, angepata kadi ya mesi ya muhula mzima uliofuata, chakula cha mchana na cha jioni, zawadi ya mwenye mesi mwenyewe.

Kadi hiyo sikuihitaji hata kidogo. Kila wikendi nilikwenda nyumbani na kurudi na katoni ya mchele, ndengu, maharagwe na viazi, na baba alikasirika nikibeba kidogo. Nilichotaka ni ushindi. Mwenyekiti wa chama angeshindwaje na watu aliowafundisha yeye mwenyewe kula managu?

Mwenzangu wa chumba alitoka Karagita, kule kwenye mashamba ya maua kando ya ziwa Naivasha. Mama yake alikuwa akipanga maua kwenye maboksi. Alikuja chuoni na sanduku moja, sufuria moja, sahani moja na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliokuwa umeoshwa, na kwa mwaka mzima sikuona kitu kikiongezeka upande wake wa chumba. Alikuwa msichana mkimya, mwembamba, mwenye adabu ya kukera. Akitaka kupita alisema samahani hata kama nilikuwa nimelala kitandani. Alijiandikisha kwenye Wiki za Majani siku ya kwanza, kabla yangu, nami nilidhani anajipendekeza kwangu.

Wiki ya kwanza ya kusoma tafakari nilisimama na kurasa mbili. Nilikuwa nimenakili hapa na pale, nikapamba, nikaweka mito inayokauka na barafu inayoyeyuka. Nilipomaliza, mwalimu alisema, "Asante. Ni ndefu." Kisha mwenzangu akasimama na karatasi yake iliyoandikwa nusu. Nakumbuka maneno yake karibu yote. Alisema wiki hiyo ametupa maganda ya ndizi moja na mizizi ya kitunguu. Sukuma wiki aliila pamoja na vijiti vyake, kwa sababu vijiti vikikatwa vidogo na kuchemshwa sana vinalainika. Maji aliyochemshia aliyanywa. Akakaa.

Mwalimu alivua miwani. "Mmesikia?" akasema. "Huyu ndiye ameelewa." Darasa likapiga makofi. Msichana mmoja akamuuliza siri yake ni nini, naye akajibu, "Ni mazoea tu." Wakacheka kwa kumpenda. Mimi pia nilipiga makofi, mikono ikiniuma, na kutoka saa ile nilimchukia kabisa.

Najua sasa mtu mwenye akili angeona. Mtu mzima anayekula vijiti vya sukuma na kunywa maji yake hahitaji kuulizwa siri. Lakini tulikuwa tumeambiwa kwamba kula kidogo na kutupa kidogo ni ustaarabu, na yeye alikuwa amekaa katikati yetu akila kidogo na kutupa kidogo, kwa hiyo tukamwita mstaarabu. Njaa yake ilipata jina zuri bila yeye kuomba. Nadhani ndiyo sababu alijiandikisha wa kwanza. Kwa wiki sita hakuna ambaye angemuuliza mbona hali.

Mimi nilipika kama nyumbani, sufuria ya watu wanane, kwa sababu kipimo kingine sikukijua. Nilikula nikashiba, kilichobaki nikakiacha kipoe pale chini. Siku za mwanzo mwenzangu alikuwa akisema, "Wacha nikumwagie kwenye ndoo nikuoshee, naenda bombani." Nilikataa mara moja au mbili kwa adabu, kisha nikaacha kukataa. Kufikia wiki ya pili sikuwa hata nikingoja aseme. Nilisukuma sufuria kwa mguu hadi upande wake wa chumba na kuendelea na simu. Ilirudi imeng'aa. Nilimchukulia kama msichana wa kazi, na kusema kweli nilifurahia kwamba aliyeshangiliwa darasani ndiye anayesugua ukoko wangu.

Ndoo yake ilikuwa nyepesi kuliko zote wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Yangu ilikuwa ya pili. Nilijivunia sana hiyo nafasi ya pili, kwa sababu nilikuwa mgeni wa kubana matumizi, na niliandika tafakari nzima kuhusu nidhamu na jinsi mwili unavyozoea. Mwalimu aliisifu ile. Hata hivyo ya pili si ya kwanza.

Wiki ya tatu hiyo, akiwa amepiga magoti anasugua sufuria yangu kwa mchanga, aliniambia kitu ambacho sikukiuliza.

"Mathe amerudishwa nyumbani," akasema. "Wameambiwa wangoje hadi maua zipate soko tena."

"Pole," nikasema.

"Nikipata hiyo kadi nitarudi term ijayo. Fees kuna mtu wa kanisa atasaidia. Ni chakula tu. Nisipoipata, sijui."

Aliyasema bila kulalamika, jinsi mtu anavyokuambia kesho kuna mtihani. Nilimwambia, "Utaipata tu, usijali," na kwa sauti nzuri kabisa. Moyoni nilikuwa nikihesabu wiki zilizobaki.

Jumamosi ya wiki ya nne nilikuwa nyumbani. Kwa kawaida sikukanyaga bucha, lakini siku hiyo mama alinituma nimpelekee baba chai. Nilipita mlango wa nyuma, nikakaa kwenye kile chumba kidogo cha pazia anakoweka visu, nikasubiri amalize na mteja ili nimpe chupa na niondoke kabla nywele hazijashika harufu. Nikasikia sauti ya msichana.

"Habari ya saa hizi, mzee."

"Nzuri. Umekuja tena?"

"Nimekuja. Uko na mifupa ya mbwa?"

"Iko. Hiyo mbwa yako inakula, si mchezo."

"Ni mkubwa," sauti ikasema. "Mzee, tafadhali unikatie ndogo ndogo kama siku ile."

Kwa asiyejua bucha, niseme hivi: kila bucha ina ndoo chini ya gogo la kukatia. Humo huingia mifupa isiyouzika, iliyokwanguliwa ikaisha, na wenye mbwa huja kuichukua bure. Nilifungua pazia kiasi cha kidole. Alikuwa yeye. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama mama wa sokoni na ameshika mfuko wa gunia mikono miwili. Kutoka chuoni hadi Kaptembwo alikuwa amepita bucha zisizopungua kumi.

Baba alitoa mifupa kwenye ndoo, akaikata kwenye gogo, tap, tap, kwa mshazari anavyokata siku zote. Kisha nikaona akigeukia nyama iliyoning'inia, akakata kipande cha ukubwa wa ngumi, akakichomeka katikati ya mifupa na kufunga gazeti haraka haraka. Yule msichana alishukuru, akaenda. Baba akaja nyuma kuchukua chai.

"Yule ana mbwa?" nikauliza.

"Hana mbwa yule." Alimimina chai. "Mwenye mbwa hawezi kukuambia ukate mifupa itoshee sufuria. Huyu anakuja kila Jumamosi. Mimi namwachia nyama kidogo, akifika huko aone Mungu. Akidhani sijui, wacha adhani. Unamjua?"

"Hapana," nikasema.

Nikisema nilimhurumia nitakuwa mwongo. Nilifurahi. Mwanafunzi bora wa Wiki za Majani, anayetajwa kila Alhamisi darasani, alikuwa anakunywa supu ya mifupa. Kuna sauti ndogo iliyosema ni mifupa ya mbwa, ni mtu mwenye njaa, na baba yako ameshaona kwa jicho moja kile wewe umekataa kuona mwaka mzima. Niliisikia vizuri. Niliinywea chai ikashuka.

Mkebe ulikuwa chini ya kitanda chake, nyuma ya sanduku. Niliukuta Jumanne ya wiki ya mwisho, alipokuwa kwenye kipindi. Ndani kulikuwa na mifupa saba, mikavu, myeupe, imepangwa kama vijiko. Sikuhitaji kuigusa kujua imechemshwa mara tatu, lakini niliigusa. Ilikuwa imekatwa kwa mshazari. Nadhani alikuwa akiikusanya humo hadi apate siku ya kwenda kuitupa mbali, kwenye mtaro ulio nje ya lango, mahali ambapo mbwa halisi wangeimalizia. Nilifunika nikarudisha.

Ijumaa asubuhi alipoenda kuoga, nilitoa mifupa mitatu, nikaiingiza kwenye ndoo yake na kuifukia chini ya maganda. Mkebe niliurudisha palepale. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa neno moja: sikumsingizia mtu. Mifupa ilikuwa yake, supu alikunywa, kanuni alivunja. Mimi niliihamisha tu, hatua tatu, kutoka chini ya kitanda hadi kwenye ndoo.

Siku ya mwisho ndoo hazikupimwa tu. Mwalimu alitaka tuzimwage moja moja juu ya turubai, tutazame kwa macho yetu kile tulichotupa, tuzungumze. Tulisimama kama thelathini nyuma ya jikoni, wengine wameziba pua. Ndoo zilipimwa kwanza. Ya mwenzangu ilikuwa nyepesi kuliko zote tena, hata na ile mifupa, ambayo wakati huo haikuwa na uzito wowote. Yangu ikafuata. Mwalimu tayari alikuwa na bahasha mkononi na alikuwa akimtabasamia. Mwenzangu alikuwa amevaa blauzi yake ya kanisani.

Mimi kama mwenyekiti ndiye niliyevaa glavu na kumwaga. Nilipofika kwa ndoo yake niliiinamisha polepole. Maganda yakatoka, majani ya chai yakatoka, na mifupa ikatoka.

Sikungoja mtu aulize. Niliuinua mmoja juu ili hata wa nyuma waone.

"Huu ni mfupa wa ng'ombe," nikasema. "Wa goti."

"Una hakika?" mwalimu akauliza.

"Kabisa, mwalimu."

Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Kijana mmoja wa chama akasema, "Kumbe zile vijiti za sukuma zilikuwa na company," na watu wakaanza kucheka. Mwenzangu alikuwa akiitazama mifupa. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka aliacha kitu wapi.

"Ni ya mbwa," akasema.

Kicheko kikatulia. Alikuwa amesema kweli kabisa na hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Katika ule ukimya nilikuwa na maneno ambayo yangemtoa pale. Ningeweza kusema mfupa huu umechemshwa mara tatu, mwalimu, shika uone ulivyo mwepesi, hii ni mifupa ya mtu mwenye njaa. Lakini wangeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kujibu bucha, Kaptembwo, Matumbo. Na hata bila hilo nisingesema. Nilikuwa nimeshinda na nilitaka kushinda zaidi.

"Mbwa gani?" nikamuuliza.

Waliangua kicheko. Wengine waliinama wakashika magoti. Mpaka mwisho wa muhula watu walikuwa wakisalimiana hivyo kwenye korido, mbwa gani, na mwenzake anaitikia kwa kubweka.

Mwalimu hakucheka. Aliuchukua ule mfupa mkononi mwangu, akaupima kwenye kiganja, akaushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nikaona macho yake yakipanda polepole hadi kwenye mikono ya yule msichana, mikono myembamba iliyotoka kwenye blauzi ya kanisani. Nadhani alielewa. Lakini kanuni tulikuwa tumezisoma wote kwa sauti, na watu thelathini walikuwa wakingoja. Aliuweka mfupa chini. "Tulikubaliana sote," akasema, kwa sauti yake ileile ya chini, akanipa bahasha bila kuniangalia. Tukapigwa picha. Katika picha ile ninacheka meno yote.

Jioni hiyohiyo mwenzangu alimwomba matroni kitanda kingine, akapewa chumba cha mlango wa nne kutoka kwetu. Kufunga mizigo hakukuchukua dakika tano. Aliuvuta mkebe kutoka chini ya kitanda, akaufungua, akahesabu, akaufunga.

"Mkebe ulikuwa mahali pake," akasema.

"Kanuni ni kanuni," nikajibu.

"Sijaongea mambo ya kanuni."

Aliinua sanduku lake. Sufuria yangu ilikuwa pale chini kama kawaida, ina maharagwe yaliyoanza kuganda, na aliitazama kwa muda kabla hajafika mlangoni.

"Hiyo utaosha mwenyewe," akasema.

Nilidhani ananitukana. Nikacheka peke yangu chumbani.

Kesho yake, Jumamosi, nilienda nyumbani, na safari hii nilipita bucha kwa hiari yangu. Nadhani nilitaka kuona. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Baba alikuwa na kifurushi cha gazeti kando ya mizani na kila mara alitazama barabarani.

"Yule wa mbwa hajakuja leo," akasema. "Nilikuwa nimemwekea."

"Labda mbwa amekufa," nikasema.

Baba aligeuka na kisu mkononi, akaniangalia kama anavyoangalia nyama ambayo haijamridhisha. Alikirudisha kifurushi chini ya gogo na kuendelea kukata, na siku hiyo hakunipa katoni. Nilijipakilia mwenyewe.

Muhula ulikuwa umebakisha wiki mbili. Chama kilikubaliana tuendelee kupima ndoo kila Ijumaa ili tabia ishike, na wazo hilo lilikuwa langu. Kadi ilikuwa ya muhula uliofuata, kwa hiyo niliendelea kupika nilivyopika siku zote, wali, ndengu, viazi, sufuria ileile. Nilikula kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba sasa niliosha mwenyewe, nikamwaga mwenyewe.

Ijumaa nilipoining'iniza ndoo yangu, mshale ulishuka ukapita mahali ulipokuwa ukisimama, ukaendelea kushuka. Ilikuwa nzito mara tatu ya wiki iliyotangulia. Yule kijana wa utani akasema, "Chair, umeanza kutupa? Ama mbwa imehama?" Nilisema mizani imeharibika. Akaitoa ndoo yangu, akaweka yake, mshale ukasimama palepale pa siku zote.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, na kila kitu kikaja kwa mpangilio wake bila kuitwa. Wacha nikumwagie. Naenda bombani. Sufuria iliyorudi imeng'aa. Kilichobaki kwenye sufuria yangu hakikufika kwenye ndoo yangu hata siku moja. Kililiwa njiani, huko bombani, kwa mkono, amesimama. Wiki sita nilisoma mbele ya darasa habari za nidhamu yangu, na nidhamu yangu ilikuwa tumbo lake. Na Jumamosi na Jumapili, nilipokwenda kwetu na sufuria ikabaki safi, ndipo alipotembea hadi Kaptembwo. Mifupa ilikuwa ya siku ambazo mimi sikuwepo.

Niliona aibu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ilinichoma usoni kama mvuke wa sufuria. Lakini aibu yangu haikuwa ya kumwomba mtu msamaha. Ilikuwa ile ya Matumbo, ya kutaka ushahidi upotee.

Jumatatu nilipika wali na ndengu. Nilikula, sufuria ikabaki nusu, bado ina moto. Niliibeba nikatoka kwenye korido. Nilihesabu milango, wa pili, wa tatu, wa nne, nikasimama. Ndani nilimsikia akikohoa, kisha kurasa za daftari zikigeuzwa. Alikuwa akisoma kwa mtihani. Niliinua mkono kugonga. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yake ya mwisho chuoni. Alifanya mitihani yote, akaenda Karagita, na muhula ulipofunguliwa kitanda chake kilipewa mtu mwingine. Sikulijua hilo nikiwa pale mlangoni, lakini alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, na kadi ilikuwa kwenye begi langu. Kama ningegonga, ningelazimika kumpa chakula tukiangaliana. Angejua kwamba nimejua. Niliushusha mkono, nikapita.

Nyuma ya hosteli kuna tanuri la kuchomea taka, na kando yake rundo la majivu. Nilimwaga wali pale, mbali na ndoo yangu, mbali na mizani. Nilikuwa nimegeuka kurudi nilipoona ile njia ya bombani inapita karibu, hatua kumi hivi, na wali ulikuwa juu ya majani makavu, mweupe, safi kabisa, mtu angeweza kuuzoa. Nikarudi. Nikachota majivu kwa kifuniko, nikaumwagia, nikaukoroga kwa kijiti hadi hakuna punje iliyobaki nyeupe.

Nilifanya hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa ndoo yangu ilikuwa nyepesi kuliko zote, na wakanipigia makofi.